Nianze Morse kwa maneno 40 kwa dakika, au 5?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo cha ufundi Arusha na nimeanza kujifunza Morse, ile alfabeti ya nukta na mistari, kwa simu. Video moja ilisema ukianza polepole utakwama, kwa hiyo niliiweka programu kwenye maneno 40 kwa dakika tangu siku ya kwanza. Imenianzishia E, T, I, M, S, O na H. T, M na O nazisikia vizuri, lakini E, I, S na H ni "trr" tu, na herufi moja ikinipita napoteza nyingine tatu nyuma yake. Mjomba wangu alikuwa skauti, anasema nianze na 5 na nikariri chati kwanza. Nani yuko sahihi? Na je, ninunue mapema kibonyezo cha kutuma Morse?

Jibu: Marahaba. Kwa hili usimfuate mjomba, heshima yake ibaki palepale. Mtu wa video yuko karibu zaidi na ukweli, ila amekupeleka mbali mno. Teremsha kasi ya herufi hadi 25, badilisha mpangilio wa herufi zenyewe, na chati ya nukta na mistari usiitazame kabisa. Kibonyezo kisubiri. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukijua sababu utaweza kupima mwenyewe ushauri mwingine utakaokutana nao, na upo mwingi.

Tuanze na hesabu. Kasi ya Morse hupimwa kwa neno moja la mfano, PARIS, ambalo likitumwa pamoja na pengo la baada yake huchukua vipimo 50. Kipimo kimoja ni urefu wa nukta. Mstari ni vipimo 3, pengo ndani ya herufi ni kipimo 1, kati ya herufi na herufi ni 3, na kati ya neno na neno ni 7. Maneno 20 kwa dakika maana yake ni PARIS 20, yaani vipimo 1,000 ndani ya sekunde 60. Ukitaka njia ya mkato, gawanya 1,200 kwa kasi, utapata urefu wa nukta kwa milisekunde: kwenye 5 nukta ni milisekunde 240, kwenye 25 ni 48, kwenye 40 ni 30. (Maneno yetu ni marefu kuliko PARIS, kwa taarifa yako. HABARI inakula vipimo 58, KARAMU 62. Anayetuma Kiswahili kwa kasi ya 20 hafikishi maneno 20 ya kweli, na asijione mzembe.)

Sasa ichukue H, nukta nne. Kwa kasi ya mjomba inachukua sekunde 1.7 kuisha. Muda huo unatosha kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, kwenda kwenye chati iliyo kichwani, kuitafuta mstari kwa mstari na kurudi na jibu. Utapata jibu sahihi, utafurahi, na kila ukifanya hivyo unaizoeza akili kuhesabu. Tatizo linakuja ukipandisha. Kwenye 10 nukta za H zinagonga zaidi ya nne kwa sekunde, na hapo ulimi wa ndani unaohesabu unaanza kujikwaa. Kwenye 15 zinagonga sita kwa sekunde na hakuna tena cha kuhesabu. Kila ulichojifunza kwenye 5 kinakuwa mzigo, kwa sababu ulijifunza hesabu wala hukujifunza sauti.

Ukuta huo una historia. Marekani ilikuwa na mitihani mitatu ya Morse kwa wenye redio za ridhaa: maneno 5 kwa leseni ya mwanzo, 13 kwa ya kati, 20 kwa ya juu. Watu walijifunza kwa 5 ili wapite 5, kisha wakakaa miaka wakipigana na ukuta wa karibu 10, katikati kabisa ya mtihani wa kwanza na wa pili. Wengi hawakuuvuka. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliondoa sharti la kimataifa la Morse kwa masafa ya chini ya megahezi 30, na Marekani ikaufuta mtihani wake wa mwisho mwaka 2007. Kwa maoni yangu, Morse ilinufaika. Tangu hapo anayejifunza anajifunza kwa kupenda, na hakuna anayemlazimisha kupitia mlango wa 5.

Mjomba naye ana udhuru. Maskauti wengi walijifunza Morse kwa tochi na bendera, na jicho ni mwanafunzi mzito kwa kazi hii. Mwanga unaowaka na kuzimika haraka unaonekana kama ukungu tu, wakati sikio linatofautisha midundo ya kasi ile ile bila shida. Kwa tochi, 5 ni kasi ya heshima. Wewe unajifunza kwa sikio.

Aliyeleta hoja ya kuanza na kasi kwa njia ya kisayansi ni Mjerumani Ludwig Koch, mwanasaikolojia aliyechapisha utafiti wake miaka ya 1930. Aliwapa wanafunzi herufi mbili tu, kwa kasi kamili ya lengo tangu dakika ya kwanza, zikichanganywa ovyo. Mwanafunzi akizipata kwa takribani asilimia 90, anaongezwa ya tatu, kisha ya nne, hadi alfabeti iishe. Hakuna hatua ya "polepole kwanza". Wanafunzi wake walifikia lengo kwa takribani saa 14 za mafunzo, jambo ambalo shule za telegrafu za wakati huo zilikuwa zikilitumia majuma mengi.

Lakini hapa ndipo watu wa video wanapolikata jina la Koch vipande. Lengo lake lilikuwa herufi 60 kwa dakika. Hiyo ni maneno 12, si 40, wala hata 20! Hiyo 12 iko juu kidogo tu ya ukuta, pale ambapo kuhesabu hakuwezekani tena. Kanuni iliyomo ndani ya kazi yake ni hii: kasi iwe kubwa kiasi cha kukunyima nafasi ya kuhesabu. Zaidi ya hapo hunufaiki kwa kuhesabu kidogo zaidi, maana huwezi kuhesabu chini ya sifuri. Programu za siku hizi huweka 20 au 25, na mimi naafiki, kwa sababu mazungumzo mengi hewani yako kati ya 18 na 28 na ni vizuri herufi uisikie mapema ilivyo katika maisha yake halisi.

Basi 40 ina ubaya gani? Kwa herufi nyingine, hakuna. Umesema mwenyewe T, M na O unazisikia vizuri. K ni da-di-da (da ni mstari, di ni nukta), M ni da-da; kwenye 40 K ina milisekunde 270 na M 210, lakini maumbo yake yanatofautiana kiasi kwamba hata mtu aliyeanza jana atazitenga. Ndiyo maana wanaoanza na K na M kwa 40 wanadhani wamegundua siri. Siku tatu za kwanza ni tamu.

Kisha zinakuja herufi za nukta tupu. E ni nukta moja, I mbili, S tatu, H nne, tarakimu 5 ni tano. Umbo ni moja, zinatofautiana kwa urefu peke yake. Kwenye 40, S ina milisekunde 150, H 210 na 5 ina 270. Tofauti kati ya H na 5 ni milisekunde 60 tu, na sikio lako bado halijawa na rula ya ndani ya kuipima. Kwenye 25 tofauti ile ile ni milisekunde 96, na S inakuwa 240, H 336. Hiyo inasikika. Mara chache za mwanzo utakosea, kisha H itaanza kuwa na "uzito" wake, sauti ndefu kidogo inayokaa, na S itakuwa fupi na kavu. Programu yako ilikupa E, I, S na H ndani ya herufi saba za mwanzo, kwa 40. Huo ni mpangilio mzuri kwa anayetaka kukata tamaa.

Utaniuliza: mbona wazoefu wanazisikia kwenye 40? Kwa sehemu kubwa hawazisikii moja moja. Wanasikia neno zima, na neno linawaambia herufi gani iliyomo. Mzoefu akipewa mafungu ya herufi za ovyo kwa 40 bila maana yoyote, H na 5 humtesa pia, labda awe ni mtu wa mashindano. Kinyume chake nacho ni kweli, na ni kichekesho: mchezee mzoefu Morse ya 5, utamwona anakunja uso na kukosea, kwa sababu herufi zimevunjika vipande mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma ka… ra… mu… na kufika mwisho akiwa amesahau mwanzo.

Sasa la mapengo, maana ndilo linalokutesa unaposema herufi moja ikipita inaondoka na tatu. Kwenye kila programu nzuri kuna kasi mbili. Moja ni kasi ya herufi yenyewe, jinsi nukta na mistari inavyogonga. Nyingine ni kasi ya jumla, baada ya kuongeza mapengo kati ya herufi. Njia hii ya kuacha herufi iwe ya haraka na kuyanyoosha mapengo inajulikana kwa jina la Mmarekani Farnsworth. Ukiweka herufi 25 na jumla 10, kila herufi inagonga kwa haraka ya 25 lakini baada yake unapata takribani sekunde 0.7 za kimya, badala ya 0.14 za kawaida. Unapata nafasi ya kuandika na kupumua bila kuharibu sauti ya herufi.

Wafuasi wa Koch walio wakali hawaipendi. Wanasema pengo refu ni mlango wa nyuma: akili inatumia kile kimya kurudi kwenye chati. Wana hoja. Mimi naitumia kwa wanafunzi wangu, kwa masharti mawili. La kwanza, chati isiwepo kabisa, si ukutani, si kwenye simu, si kichwani. Kama hujui K ina nini ndani yake, huwezi kurudi kuihesabu. La pili, pengo lipungue kila unapopata nafasi, 10 iwe 12, iwe 15, hadi ikutane na 25. Kasi ya herufi haiguswi. Ukikaa kwenye 10 miezi miwili kwa sababu unapata asilimia 100, unajidanganya. Asilimia 90 inatosha, panda.

Mpangilio wa herufi: nenda kwenye tovuti ya bure ya LCWO, ambayo inafuata njia ya Koch na kukupa K, M, U, R, E, S, N, A, P, T, L, W, I kwa mfuatano huo. Uzuri wake ni kwamba herufi za nukta tupu zimetawanywa. E inakuja ya tano, S ya sita, I ya kumi na tatu, na tarakimu 5 na H ziko mbali kabisa mbele, ukiwa umeshapata rula ya ndani. Kwa herufi nane za mwanzo tu tayari unaweza kumwambia programu ikuchezee SANA, SEMA, NURU, MKE, SUKUMA, KARAMU. Fanya hivyo, lakini iwe mwisho wa zoezi, kama kitindamlo. Zoezi lenyewe liwe mafungu ya ovyo, kwa sababu ukisikia S-E-M akili itajaza A bila kusikiliza.

Nikuonyeshe dakika kumi za kwanza zinavyokuwa. Vaa hedifoni, weka mlio wa hezi 600 hivi, sauti ya chini kuliko unavyodhani. Sauti kubwa inaziba mapengo. Bonyeza K ichezwe mara ishirini, huku hufanyi lolote. Usiseme "da-di-da" kwa mdomo. Sema "kei", au "ka", jina la herufi, mara tu inapoisha. Kisha M vivyo hivyo. Halafu anzisha mafungu: KMMKK MKMMM KKMKM. Andika kwa mkono. Katika dakika ya kwanza utaona kidole kinachelewa: sauti imekwisha, pengo limeanza, wewe bado unaamua. Kufikia dakika ya nne au ya tano kinatokea kitu kidogo: kalamu inaandika M kabla hujajiambia kuwa ni M. Inaweza kutokea mara moja tu kisha ipotee. Hicho ndicho unachokitafuta katika kazi yote hii, na hakitokei kwa anayehesabu. Acha dakika ya kumi na tano, hata kama unafurahia. Rudi jioni. Vipindi viwili vifupi kwa siku vinamshinda anayekaa saa mbili Jumamosi, kwa sababu sehemu ya kazi inafanyika umelala.

Herufi ikikupita, weka kistari kidogo kwenye karatasi na uiache. Najua ni rahisi kusema. Kinachokupotezea zile tatu si kasi, ni wewe kugeuka nyuma kuikimbilia iliyokwenda. Lifanye hili kuwa zoezi la peke yake: kwa makusudi, kila herufi ya tano weka kistari hata kama umeisikia. Inaonekana upuuzi, lakini inaondoa ule mshtuko wa nafasi tupu kwenye karatasi.

Kuhusu kuandika kwenyewe: maneno 20 ni herufi 100 kwa dakika, na herufi kubwa za kuchora moja moja haziwezi kwenda huko kwa muda mrefu. Andika kwa mwandiko wa kuunganisha tangu mwanzo. Watumishi wa telegrafu wa zamani walitumia taipureta. Ted McElroy wa Marekani, aliyeweka rekodi ya maneno 75.2 kwa dakika katika mashindano ya Asheville mwaka 1939, alikuwa akipokea kwa taipureta. Kwa kalamu hakuna binadamu wa kuifikia kasi hiyo. Baadaye, kuanzia 20 hivi, utajifunza kuiweka kalamu chini na kusikiliza kama mazungumzo. Hiyo ni ngazi nyingine na ina uchungu wake.

Uchungu mkubwa zaidi utaupata katikati. Mwaka 1897 na 1899 watafiti wawili wa Marekani, Bryan na Harter, walichapisha michoro ya maendeleo ya watu waliojifunza telegrafu. Mstari wa kutuma ulipanda vizuri. Mstari wa kupokea ulipanda, ukalala bapa kwa majuma kadhaa, kisha ukapanda tena ghafla. Maelezo yao ni kwamba mwanafunzi kwanza anajenga mazoea ya herufi, na wakati mstari umelala anajenga chini kwa chini mazoea ya maneno, na baadaye ya mafungu ya maneno. Kwa hiyo utafika mahali, labda kwenye 12, labda kwenye 16, ambapo kwa wiki tatu hutaona faida yoyote. Watu wengi huachia hapo na kwenda kuandika mtandaoni kwamba njia ni mbovu.

Na hapo hasa ndipo 40 inapopata kazi yake. Ukishazijua herufi zote, chukua vipande ambavyo hewani vinajirudia bila kuchoka: CQ (wito kwa yeyote anayesikia), DE ("kutoka kwa"), 73 (salamu za kuagana), TNX (asante), 5NN (hiyo ni 599 iliyofupishwa, N ikisimama badala ya 9, yaani "nakusikia vizuri kabisa"), na maneno mafupi ya Kiswahili unayoyapenda. Vicheze kwa 35, kisha 40, kila kimoja kama sauti moja isiyogawanyika. Usitafute herufi ndani yake. CQ kwa 40 ni wimbo mdogo unaokwisha chini ya sekunde moja, na utaujua kama unavyoujua mlio wa simu yako. Dakika tano za hivyo kisha urudi kwenye mafungu ya 25, na 25 itaonekana inatembea. Kuna pia programu ya RufzXP, inayotumiwa hata kwenye mashindano: inakuchezea alama ya wito moja (jina la kituo cha redio kwa herufi na tarakimu), ukiipata inaongeza kasi, ukikosa inapunguza. Mabingwa wanapokea alama moja moja kwa zaidi ya maneno 100 kwa dakika. Ni mchezo mzuri na unalevya, lakini usiuguse kabla ya alfabeti kuisha.

Jambo moja kuhusu Q na X: Kiswahili hakina kazi nazo, na nimeona wanafunzi wa huku wanaziruka. Usiziruke. Hewani Q inatembea kuliko herufi nyingi, kwa sababu kila kitu kimefupishwa kwa Q: QTH ni mahali ulipo, QSL ni "nimepokea", QRS ni "punguza kasi". Hiyo ya mwisho utaihitaji, na hakuna aibu kuituma.

Baada ya miezi michache utataka kusikia kitu cha kweli. Huna redio, lakini chuo kikuu cha Twente kule Uholanzi kina kipokezi kilichounganishwa na intaneti ambacho yeyote anaweza kukiongoza kutoka kwenye kivinjari. Kielekeze kwenye megahezi 14.100 na uchague Morse. Hapo kuna mtandao wa vituo 18 duniani vinavyopokezana zamu, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima ukikamilika kila dakika 3. Kila kituo kinatuma alama yake kwa maneno 22 kwa dakika, kisha mistari minne ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa nguvu ya wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Afrika Kusini iko humo, na Kenya ina alama yake, 5Z4B. Vituo hivi hukaa kimya kwa vipindi, na hali ya anga ina siku zake, kwa hiyo huenda usiipate siku ya kwanza. Ukiipata, iangalie ilivyo: tano ni nukta tano, 4 ni nukta nne na mstari, B ni mstari na nukta tatu. Ukiisikia vibaya itakuwa HZ4B, 5ZVB, au 5Z46. Alama nzima inakwisha chini ya sekunde 3, na imekusanya karibu mitego yote niliyoitaja. Sikiliza pia ule mstari wa nne, wa nguvu ndogo. Mara nyingi hutausikia, na siku ukiusikia kutoka Afrika Mashariki ukiwa umetumia sikio la Uholanzi, utajua kwa nini watu wazima wanakesha na kitu hiki.

Na kibonyezo. Subiri mpaka upokee 15 ya jumla bila taabu. Kutuma ni rahisi kuliko kupokea, hata ile michoro ya Bryan na Harter inaonyesha hivyo, na urahisi huo unadanganya: utatuma kwa mkono unaoyumba, sikio litazoea mayumbo yako, na herufi safi za wengine zitakuwa ngeni. Mkono wa mtu aliyeshasikia herufi sahihi maelfu ya mara hujirekebisha wenyewe. Muda ukifika, usinunue kile cha zamani cha kushuka na kupanda, hata kama kinapendeza mezani. Kwa 25 kitakuchosha kifundo. Tafuta cha pande mbili, kinachobanwa kwa kidole gumba na cha shahada, ambapo saketi ndiyo inayopima urefu wa nukta na mstari, wewe unachagua tu upande. Kwa mazoezi ya nyumbani kinatosha kikiunganishwa na saketi ndogo ya mlio, ambayo kwa mwanafunzi wa ufundi ni kazi ya mchana mmoja. Kutuma hewani ni habari nyingine, hapo utahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na maombi yake uyaanze mapema wakati bado unapambana na H na 5.